Friji ya Moto

Juzi nilimfokea binti yangu kwa sababu ya kifuniko. Mueni anaishi karibu na Malili, ana jiko lenye vigae na mashine mpya ya umeme ya kukaushia vyakula, kitu cha plastiki chenye trei sita na feni inayonguruma polepole. Nilikuwa nimemtembelea. Alikuwa amekausha kunde, na nyumba nzima ilinukia ile harufu ambayo mtu aliyelelewa Ukambani hahitaji kuelezwa, harufu ya majani yaliyochemshwa, ya vumbi, na ya utamu kidogo unaokuja baadaye. Nilikuwa nimetulia kabisa na chai yangu. Kisha nikamwona akizoa majani kutoka kwenye trei yakiwa bado na joto, akayamwaga ndani ya kopo na kubana kifuniko.

"Fungua hilo kopo," nikamwambia.

"Mum, zimekauka kabisa. Sikiliza." Akalitikisa, majani yakalia.

"Nimesema fungua."

Mjukuu wangu aliacha kuchora. Mueni alifungua kopo, akaniangalia kwa namna ambayo watoto huwaangalia wazazi wanaoanza kuzeeka. Alidhani nachukia mashine. Watu wengi wa rika lake hudhani sisi tunachukia kila kitu chenye waya. Mimi sina ugomvi na mashine, mashine haijawahi kunikosea. Ugomvi wangu ni na watu wawili. Mmoja amekufa na mwingine ndiye anayeandika haya.

Kwetu ni Mbooni, kwenye miteremko ambako ukungu wa Julai hukaa hadi saa sita mchana, na wageni kutoka nchi ya chini huuliza tunawezaje kuishi bila jua. Tulikuwa na mahindi, maharagwe, maembe kiasi, na kunde. Majani ya kunde ndiyo yaliyokuwa mboga yetu ya kiangazi. Ukiyakausha vizuri baada ya mvua, unakula mboga mwezi wa tisa na wa kumi, wakati shamba limebaki vumbi tupu. Ukiyakausha vibaya, unakula muthokoi mtupu, yale mahindi yaliyokobolewa, asubuhi hadi jioni, na watoto wanaanza kutokwa na vidonda kwenye pembe za midomo. Hakuna aliyehitaji kuletewa daktari kuambiwa hivyo.

Mama yangu, ambaye nilimwita Mwaitu kama watoto wote wa kwetu, alikuwa na mkono wa kukausha. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Wanawake walitoka ng'ambo ya bonde wakaja kumwomba awaonyeshe. Alichuma majani machanga, akayachemsha kidogo kwa maji yenye chembe ya magadi, akayakamua kwa viganja viwili, akayatandaza kwenye mkeka kivulini. Si juani. Jua linakula rangi, alisema. Siku mbili au tatu za kugeuza, kisha majani yaliingia kwenye kibuyu, na kibuyu kikakaa mdomo wazi kwenye dari ya fito juu ya meko, siku tatu nyingine, kabla hajakiziba kwa gunzi la mahindi. Nilipokuwa mdogo sana niliwahi kuziba kibuyu mapema ili nimsaidie. Alikizibua mbele yangu, akanishika mkono, akauingiza ndani.

"Unasikia? Mboga ikitoka kwa joto inatoa jasho," akasema. "Ukiifunika na jasho lake, umeiua."

Mkono wangu ulitoka na unyevu kidogo. Basi mimi nilijua. Naomba hilo likumbukwe.

Baba alifanya kazi Mombasa, tulimwona Krismasi. Nyanya alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Boma lilikuwa la Umau, yaani babu mzaa baba, na Umau alikuwa mtu mkubwa sokoni. Alikuwa na duka, na kando ya duka mashine ya kusaga posho, na kwa kuwa wezi waliwahi kumvunjia, alihamishia kitanda chake katika chumba cha nyuma. Kitanda cha kamba, blanketi la kijivu, redio, na sanduku la mbao lenye kufuli. Sisi wajukuu tuliingia humo na kutoka tulivyotaka. Babu na mjukuu kwetu ni watani. Aliniita mke wangu, nami nikamwita mzee asiye na meno, na hakuna aliyekasirika.

Lakini mke wa mwanawe hakuweza kukanyaga humo. Kwa wale ambao hawakulelewa kwetu, nthoni ni ile heshima inayomtenga mwanamke na baba mkwe wake. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke hupinda kando, hugeuza uso, husubiri mzee apite. Kitanda cha baba mkwe hakitazami, sembuse kukikaribia. Wakiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Katika boma lenye nyanya, mtu wa tatu ni nyanya. Katika boma letu nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la tatu, mwenye pengo la meno mawili ya mbele.

Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza hayo. Mtoto huona tu watu wazima wakifanya, naye hujieleza mwenyewe. Mimi nilimwona mama yangu akiingia vichakani kila Umau alipotokea, nikajieleza kwamba mama yangu ni mwoga. Nilimwonea aibu. Shuleni mwalimu alikuwa ametuambia kwamba watu wasioelewa mambo huogopa kila kitu kipya, na kila alipolisema hilo nilimwona Mwaitu kichwani mwangu, amesimama na kanga usoni.

Mwaka huo mvua ilikataa kukoma. Kunde zilijaa shambani kuliko nilivyowahi kuona, na ukungu ukaja mapema ukakaa. Majani yaliyotandazwa kwenye mikeka hayakukauka, yalilala tu yakawa meusi, Mwaitu akayatupia mbuzi, akachuma mengine, nayo pia yakawa meusi. Alikuwa ananyonyesha mdogo wangu wakati huo. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba kiangazi kikikuta vibuyu vitupu, hajui maziwa yatatoka wapi.

Ndipo Umau aliporudi kutoka Makindu juu ya lori, akiwa ameketi kando ya kabati la chuma amelishika kwa mkono mmoja. Fundi mmoja wa huko alikuwa akifunga karakana yake, akamuuzia. Kabati hilo lilikuwa limeanza maisha yake kama friji. Fundi alilitoa matumbo, akaweka waya za kupasha moto chini, feni juu, na trei kumi za wavu katikati. Mlango ulibaki ule ule wa friji, na mpini wake unaong'aa. Jenereta ya duka ilipowashwa, ukifungua mlango unapigwa na upepo wa moto usoni, wenye harufu ya dizeli na rangi iliyoungua. Soko zima lilikuja kuona. Kufikia jioni lilikuwa na jina, friji ya moto.

Nataka ijulikane kwamba Mwaitu alifurahi. Nilikimbia nyumbani kumpa habari, akaacha kuosha sufuria akaniuliza maswali kumi. Trei ni ngapi? Upepo unatoka juu au chini? Wavu una matundu makubwa ya kuangusha majani? Hewa yenye maji inatokea wapi? Wale wanaopenda kuandika kwamba mama zetu waliogopa maendeleo wangekuwepo jikoni siku hiyo wangejifunza kitu. Aliketi, akamweka mtoto kwenye titi, akatabasamu.

"Hiyo ndiyo dawa ya ukungu," akasema. "Nenda umwambie Umau mashine iwekwe ghalani, nipate kuiangalia mwenyewe."

Ghala la mahindi lilikuwa nyuma ya duka, hatua kama ishirini kutoka kwenye jenereta. Niliupeleka ujumbe huo neno kwa neno. Umau alikuwa akinywa chai na naibu wa chifu na wazee wengine wawili, na friji ya moto ilikuwa tayari imesimama katika chumba cha nyuma, miguuni pa kitanda chake.

"Waya haifiki ghalani," akajibu. Kisha akawatazama wenzake. "Na mwambie mashine si sufuria. Haitaki mwanamke wa kuikoroga."

Wazee walicheka. Naibu wa chifu alicheka hadi akamwaga chai. Nilisimama pale mlangoni masikio yakiwaka moto, na sikumkasirikia hata mmoja wao. Nilimkasirikia mama yangu kwa kunituma.

Leo nina umri wa wazee wale, na hasira imehamia mahali pake. Waya haifiki. Waya ilikuwa ikiuzwa katika duka lake mwenyewe, imezungushwa kwenye rafu karibu na misumari, niliiona kila siku nikienda kununua chumvi. Alijua mke wa mwanawe hawezi kuingia alikolala. Alijua pia kwamba katika boma lote mwanamke huyo ndiye peke yake anayejua jani likikauka linakuwaje. Akaiweka mashine miguuni pa kitanda chake, akanywa chai. Nimejaribu miaka yote hii kumtafutia udhuru, kwamba alikuwa mzee, kwamba aliogopa wezi, na kila ninapoupata naikumbuka ile waya kwenye rafu.

Akatoa amri. Kunde za nyumba zote tatu za boma zikaushwe kwa mashine, na Mwaitu ndiye atakayesimamia kuchemsha. Wake wa baba zangu wakubwa walichuma, Mwaitu akachemsha na kukamua, vikapu vikapelekwa hadi mlangoni pa chumba cha nyuma. Kutoka hapo Kioko, kijana aliyeendesha mashine ya posho, alivipokea na kupanga trei. Kioko alikuwa mtu mwema, na kuhusu mboga alijua kuila tu.

Mwaitu alisimama kwenye pipa la maji, nyuma ya ukuta, ameupa mlango mgongo, mtoto mgongoni. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alizungumza na mimi bila kugeuka.

"Kavata, usishike jani. Shika ule mshipa wa katikati. Ukiupinda na uvunjike, na ulie, njoo uniambie."

Niliingia. Ningeweza kukaa ndani ya chumba kile siku nzima. Nje kulikuwa na baridi na matope, ndani kulikuwa na joto, redio ikiimba, na Umau ameketi kitandani miguu kwenye soksi. Kwenye trei mbili za juu alikuwa ameweka vipande vya maembe, mavuno ya mwisho. Alinipa kimoja. Kilikuwa cha moto, kinavutika, kitamu hadi taya likauma. Sikuwahi kula kitu kama hicho na sijawahi tena, ingawa Mueni hunikaushia maembe mazuri zaidi. Niliupinda mshipa wa jani, ukavunjika na kulia. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa, na majani yalikuwa na rangi ya kijani ambayo kivuli hakijawahi kutupa.

Nilitoka nikamwambia Mwaitu. Alifumba macho kidogo.

"Umeuvunja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Vizuri. Sasa sikiliza sana. Mwambie Umau asifunge leo. Azimwage kwa mikeka humo ndani, zilale mpaka kesho, zitoe jasho kwanza. Kesho ndiyo afunge. Umesikia? Usisahau hilo la jasho."

Nilirudi ndani. Wakati huo naibu wa chifu alikuwa amefika tena na wazee wake, na Umau alikuwa amesimama, amewasha mshumaa. Madebe yalikuwa yamepangwa ukutani, madebe kumi na mawili ya mafuta ya kupikia, yameoshwa yakang'aa. Alikuwa akiwaeleza jinsi watu wa kiwandani wanavyofanya: mboga inatoka kwenye moto inaingia kwenye debe papo hapo, inafunikwa, pembeni inapakwa nta, hakuna nzi, hakuna moshi, hakuna mkono wa mtu. Kioko alikuwa tayari ameanza kumwaga majani ya moto ndani ya debe la kwanza.

Umau alinigeukia. Na hapa ndipo ugomvi wangu na yule mzee unapokwama, kwa sababu aliniuliza. Alikuwa amecheka siku ile nyingine, lakini siku hii aliniuliza, tena kwa sauti ya kawaida.

"Mke wangu, mama yako anasemaje?"

Wazee wote walinitazama. Nililiona neno jasho likitoka mdomoni mwangu na kuangukia katikati yao. Niliwasikia wakicheka kabla hawajacheka. Mboga inatoa jasho, mboga imetoka kulima? Nilifikiri pia, Mungu anisamehe, kwamba Mwaitu anataka zilale nje ya debe kwa sababu anaogopa moto wa mashine umebaki ndani ya majani na utachoma nyumba. Mkono wangu ulikuwa umewahi kuingia ndani ya kibuyu na kutoka na maji, nilijua kabisa ni jambo gani analolisema, na bado nikajiambia ni woga. Nilikuwa na utamu wa embe kwenye meno.

"Anasema ni sawa," nikajibu.

Umau akainama akapaka nta.

Nje Mwaitu aliniuliza, "Umemwambia?"

"Ndiyo."

"Akasema?"

"Akasema ni sawa."

Maneno yale yale, pande zote mbili za ukuta mmoja. Alinipangusa pua kwa pembe ya kanga yake, tukaenda nyumbani.

Siku nne jenereta iliwaka. Madebe yote kumi na mawili yalijazwa na kupakwa nta, yakapangwa chini ya kitanda cha Umau, mahali ambapo hakuna mwanamke wa boma hilo aliyeweza hata kupatupia jicho. Mwaitu hakuhangaika tena. Kwa nini ahangaike? Alikuwa amesema, na alikuwa amejibiwa.

Ukungu ukaondoka. Ukaja upepo, ukaja ule mwezi ambao ng'ombe hulamba ukuta. Nyumba nyingine zilifungua vibuyu vyao vichache. Sisi tulingoja, kwa sababu Umau alitaka siku maalumu. Alialika majirani, naibu wa chifu, na bwana wa kilimo kutoka tarafani. Viti vilitolewa uani nyuma ya duka. Wanawake walisimama upande wa ghala, Mwaitu nyuma yao wote, uso ukutani kama ilivyompasa. Debe la kwanza lilifunguliwa kwa kisu.

Nakumbuka harufu kabla ya kuona chochote. Haikuwa ya kunde. Ilikuwa ya nguo iliyolala mvua ndani ya mfuko. Kioko alilimwaga debe kwenye karatasi ya nailoni, likatoka donge moja lenye umbo la debe, limefunikwa na manyoya meupe na mahali pengine ya kijani. Lilianguka bila sauti. Bwana wa kilimo akarudisha kalamu mfukoni. Wakafungua la pili, la tatu, hadi la kumi na mbili. Mbuzi aliyekuwa amefungwa karibu alivuta kamba akanusa, akageuka akaondoka.

Umau hakumsemesha Mwaitu. Nthoni haikumruhusu, na alikuwa mtu wa kuifuata nthoni barabara kila ilipomfaa. Alisema na hewa.

"Kuna mtu aliyechemsha mboga hizi," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani. "Kuna mtu alileta mboga haikukamuliwa, imejaa maji. Mashine haina makosa. Makosa ni ya mkono. Mkono mwingine ukishika chakula, chakula kinaoza."

Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Wake wa baba zangu wakubwa walikuwepo akizikamua mboga zile, waliona zilivyokamuliwa, na hakuna aliyefungua mdomo. Wazee walioketi siku ile ya nta walikuwepo. Wote walitazama viatu vyao. Nimewachukia pia, mmoja mmoja, kwa majina.

Nilisikia mkono wa Mwaitu begani mwangu. Aliinama hadi sikioni, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetafuta ukuta gizani.

"Kavata, ulimwambia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Kama kuna mtu anauliza maisha huharibika lini, mimi nina jibu langu. Ningesema hapana, ningepigwa, na nilistahili. Jioni ningekuwa nimesahau.

"Nilimwambia, Mwaitu," nikasema.

Aliuondoa mkono. Alisimama wima, akafunga kanga vizuri, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu nilimwona akigeuka na kumtazama Umau machoni, mbele ya watu. Haikuchukua muda. Wanawake walishika midomo. Kisha akatoka uani akaenda nyumbani, na tangu hapo aliamini kitu kimoja: kwamba yule mzee alilipokea neno lake, akasema ni sawa, akalitupa, na sasa anamvua nguo hadharani kwa kosa lililokuwa lake yeye mwenyewe.

Wiki iliyofuata alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao, upande wa Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, kuomba mboga. Mwanamke aliyeolewa kurudi kwao kuomba chakula wakati boma la mumewe lina duka na mashine ya posho, hiyo ni aibu ambayo hadi leo sijui kuieleza. Alirudi siku ya tisa na gunia la kunde kavu na mbaazi, amelibeba kwa kamba kichwani, miguu imepasuka. Tulikula. Mimi nilikula pia. Ilikuwa tamu, na nililamba bakuli.

Gunia liliisha, lakini lile neno la mkono halikuisha. Tangu siku hiyo kila palipokuwa na sherehe, harusi au matanga, wanawake waligawana kazi na Mwaitu akapewa kuni na maji. Hakuna aliyemwambia kitu, walimpa tu mtungi. Wale waliokuwa wakivuka bonde kuja kufundishwa naye walianza kufundishana wenyewe, vibaya. Msichana mmoja aliyeolewa kwetu alifundishwa na mama mkwe wake kwamba kibuyu kilichoshikwa na mke wa Mutua kisichanganywe na vingine. Mutua ni baba yangu. Niliyasikia hayo nikiwa nimesimama hapo hapo, mkubwa wa kutosha kujibu, na sikujibu.

Kwa nini sikusema? Mwanzo niliogopa fimbo. Kisha niliona aibu. Kisha nikaenda shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu, na uongo ukazoea kukaa. Nilijiambia kosa ni la Umau. Nimeeleza kwa nini, na bado nasema ni lake. Mtu anayemnyima mwanamke mlango, akamwachia mdomo wa mtoto wa darasa la tatu, asishangae kinachotoka kwenye mdomo huo. Niliishika hasira hiyo kwa mikono miwili, na ilinifaa sana, kwa sababu mikono ikijaa huwezi kushika kingine.

Umau alizeeka vibaya. Nilikuwa nafundisha mjini Wote alipopooza upande mmoja. Walimrudisha bomani, wakamlaza katika nyumba iliyokuwa mkabala na jiko la Mwaitu. Wazee waliketi, wakasema mbuzi atolewe, nthoni ilegezwe, ili mke wa Mutua aingie kumhudumia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mbuzi alitolewa. Mwaitu alipika uji, kila siku, mzuri, na kila siku akamtuma mtoto wa jirani auingize. Yeye hakuvuka kizingiti.

"Nthoni ni nthoni," aliwajibu. "Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuishika."

Nilipoambiwa hayo nilicheka kwa furaha. Nilisema, safi kabisa.

Tulimzika mwezi wa kwanza. Kesho yake tulibaki wawili uani, mimi na Mwaitu, tukisugua masufuria makubwa ya matanga kwa majivu. Yeye alikuwa amepewa maji na kuni, kama kawaida, na masufuria ambayo hakuruhusiwa kupikia ndiyo aliyoachiwa kuosha. Nadhani ni hilo lililonifungua mdomo. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekula pale. Nilidhani nikisema nitamrudishia kitu.

"Mwaitu, lile neno la jasho sikumpelekea Umau. Aliniuliza unasemaje, nikamwambia umesema ni sawa."

Aliendelea kusugua.

"Aliuliza?" akasema.

"Aliuliza."

"Nawe hukumwambia hata kidogo."

"Hata kidogo."

Aliiweka sufuria chini, akaangalia mlango wa ile nyumba iliyokuwa mkabala, uliokuwa umefungwa kwa waya.

"Aliniita," akasema. "Jumatatu alimtuma mtoto akasema, mke wa Mutua aje, nina neno naye. Nikasema mwambie ameshasema. Alhamisi akamtuma tena. Nilikuwa hapa hapa, nasikia anapumua. Nikasema la."

Nilijaribu kumshika mkono, wenye majivu. Aliuondoa, si kwa nguvu.

Sikuwahi kujua Umau alitaka kumwambia nini, wala yeye hajui. Bado namkasirikia yule mzee kwa ajili ya ile waya, na nitaendelea. Lakini hata hasira hiyo nimeharibiwa, kwa sababu kila ninapoianza inapitia kwanza kwangu.

Mwaitu yu hai, ana zaidi ya miaka themanini, na hakuwahi kulitaja jambo hilo tena. Ananipikia nikienda, ananiuliza habari za wajukuu. Ila akiwa na neno la kumwambia jirani, hata kama mimi niko pale, na viatu miguuni, na njia ninaijua, hanitumi. Anajifunga shuka, anachukua fimbo yake, anashuka mteremko ule mwenyewe.